Goma: Mwalimu aliyejifunza kuuliza kabla ya kujibu

Ni saa mbili na nusu asubuhi mtaani Ndosho. Kwenye kabini moja ya kuchajisha simu, mama mmoja amekaa juu ya kiti cha plastiki, daftari la shule juu ya magoti. Simu yake imefika asilimia 94. Anamwomba kijana wa kabini asiitoe bado kwenye umeme.

Ana randevu ya kazi, kwa simu, na kampuni ya utafiti iliyoko Nairobi. Ujumbe waliomtumia ulisema tu: kesho saa nne kamili. Jana jioni aliwaandikia swali moja fupi: “Saa nne ya Nairobi ao ya Goma?” Nairobi iko mbele ya Goma kwa saa moja. Jibu lilirudi baada ya dakika chache: ya Nairobi, asante kwa kuuliza. Kwake basi ni saa tatu. Bado nusu saa.

Kwa miaka kumi na moja mama huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Sake, kilomita karibu 25 kutoka Goma. Mwezi wa pili 2024, vita ilipokaribia Sake, alitembea kwa miguu na watoto wake watatu hadi kambi ya Bulengo. Mwaka mmoja baadaye, baada ya Goma kuingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo zilitoka watu na vibanda vikabomolewa. Wengi walirudi vijijini. Yeye alituma mtu kuangalia nyumba yake, akaambiwa mabati hayapo tena. Akabaki Ndosho kwa wifi yake, watu tisa katika vyumba viwili.

Jina lake halitajwi hapa, wala la kampuni. Yeye mwenyewe aliomba hivyo, na sababu yake itaonekana mbele.

Kazi za mkataba mrefu zimekuwa haba katika mji huu. Mwanzoni mwa 2025 benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukasimama, na mwaka huo huo Marekani ikakata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Mashirika mengi yalipunguza wafanyakazi. Zilizobaki ni kazi za siku chache: kutafsiri, kukusanya takwimu, kupiga picha, kutengeneza kompyuta, kurekodi matangazo, kuendesha gari. Wanaozitoa ni wakubwa: kampuni za simu, kampuni za utafiti za Nairobi na Ulaya, mashirika ya kimataifa, idara za Umoja wa Mataifa. Wanaozitafuta ni wengi, na kati yao wamo watu waliokuwa wakuu wa biro mwaka uliotangulia. Kwa hiyo yale maongezi ya nusu saa kati ya mtu mmoja na kampuni kubwa ndiyo yanayoamua nani atarudi nyumbani na unga.

Mwalimu huyu aliwahi kuyapoteza maongezi kama hayo, na anajua kwa nini.

Ilikuwa miezi michache kabla, katika biro moja mtaa wa Himbi. Watu watatu walikaa nyuma ya meza. Walitafuta watu wa ankete, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na simu mkononi wakijaza maswali kwenye programu ya Kobo. Alikuwa amevaa kitenge alichoazimwa na wifi yake, na amefika saa moja kabla.

Swali la kwanza lilikuwa: “Tuambie wewe ni nani.” Akaeleza Sake, njia, Bulengo, mvua ndani ya hema, mtoto aliyeugua. Aliongea karibu dakika kumi na tano. Wale watatu walisikiliza kwa huruma, mmoja akafuta macho. Kisha yakaja maswali ya kazi.

“Unajua Kobo?” “Ndiyo, naweza.” “Unaweza kuongoza timu ya watu sita?” “Ndiyo, naweza.” “Unasema Kinande?” “Ndiyo, kidogo.” Mmoja wa wale watatu, mwenyeji wa Lubero, akamsalimia kwa Kinande na kuuliza habari za nyumbani. Mwalimu akajibu salamu, halafu akanyamaza. Hakuwa na neno la pili.

Mwishoni wakauliza anataka malipo gani kwa siku. Akasema: “Chochote mtakachonipa, nitashukuru.” Wakamwambia watampigia. Hawakupiga.

Kwa wiki nzima alisema walikuwa tayari na watu wao. Inawezekana, mambo hayo yapo Goma na kila mtu anayajua. Lakini kuna mzee mmoja, jirani wa wifi yake, ambaye hakukubali jibu hilo haraka. Mzee huyo alianza ukalimani mwezi wa saba 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda karibu milioni moja walipovuka na kujaza Goma na kandokando yake, na mashirika ya dunia nzima yakashuka nyuma yao. Alifanya tena mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji tarehe 17 Januari. Alifanya tena wakati wa Ebola. Ameona wageni wakubwa wakija kwa mawimbi, na kila wimbi likichagua watu wake mezani.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa Kiswahili chao cha kila siku: “Mwalimu, bale batu balikuwa banatafuta nini?”

“Watu wa ankete, Papa.”

“Hiyo iko kwenye tangazo. Mimi nauliza walitafuta nini. Ankete ya nini? Wapi? Kwa nani? Mara ya mwisho kazi hiyo iliharibikia wapi?”

“Sijui, Papa.”

“Binti yangu, ulikaa na watu dakika arobaini, ukatoka hujui wanataka nini. Na wao wakatoka wanajua shida zako zote, lakini hawajui kazi yako.”

Maneno hayo yalimuuma. Lakini jioni ile alirudi na daftari, akakaa kwenye kigoda, na mzee akaendelea.

Mteja mkubwa, kwa maelezo ya mzee, ana pesa, ana magari na ana karatasi nyingi. Anachokosa ni kuijua Goma. Na ana woga. Anaogopa kazi haitamalizika siku iliyopangwa. Anaogopa takwimu za uongo, zile zinazojazwa na mtu aliyekaa chini ya mparachichi bila kumwona mtu yeyote. Anaogopa jina la kampuni yake kuchafuka kwa kosa la mtu wa siku tatu. Anayemhoji mtu hapimi tu elimu. Anajiuliza: huyu ataniondolea woga au ataniongezea? Anayejibu “naweza yote” anamwongezea, kwa sababu hakuna anayeweza yote, na mhojaji analijua hilo.

Mfano uko karibu. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, mashirika makubwa yalileta mabango na matangazo, mengi kwa Kifaransa na Kiswahili cha kitabuni. Shirika la Translators without Borders lilifanya utafiti hapa Goma mwaka 2019, likakuta kwamba watu wengi hawakuyaelewa vizuri maneno hayo. Walitaka maelezo katika lugha wanayosema nyumbani na sokoni. Wakati ule, mtu wa Birere au Kanyaruchinya aliyeweza kuonyesha neno gani halieleweki, na kwa nini, alikuwa na kitu ambacho pesa za Geneva hazikuwa nacho. Lakini kitu hicho hakionekani kwenye sivi. Kinaonekana pale mtu anapoomba kuona kazi yenyewe na kuisemea.

Kutoka kwenye mazungumzo hayo mwalimu aliandika mambo manne katika daftari, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni.

La kwanza: kuomba karatasi ya kazi kabla ya randevu. Kampuni kubwa karibu zote zina karatasi inayoeleza kazi. Wengine wanaituma, wengine hawaitumi mpaka waombwe.

La pili: hadithi tatu fupi za kazi aliyokwisha fanya, kila moja ikiwa na tatizo, alichofanya na matokeo. Hapa alikwama, akisema hana kazi nyingine zaidi ya ualimu. Mzee akamuuliza kule Bulengo alikuwa anafanya nini. Akakumbuka kwamba kamati ya wakimbizi ilimwomba aandike upya lista ya familia za bloku yao, kwa sababu wengine waliandikwa mara mbili na wengine hawakuandikwa kabisa. Alikuwa amepita kila hema jioni, wakati watu wamerudi kutoka kuni na maji, akiuliza jina la mama na kijiji badala ya jina la mwenye familia peke yake. Majina mawili yakigongana, kijiji kinayatenganisha. Alifanya kazi hiyo bila malipo, na hakuwahi kuihesabu kuwa kazi. Mzee akamwambia: “Hiyo ndiyo ankete. Andika.”

La tatu: yale asiyoweza, yaandikwe kwa maneno. Kinande, hapana. Kuongoza timu ya uwanjani, bado. Kobo, ameiona kwa jirani tu. Kwa hilo la mwisho alitafuta dawa: kijana mmoja wa ankete alimfundisha kwa siku mbili, namna ya kujaza fomu bila mtandao na kuituma mtandao unaporudi. Alimlipa kwa kumfundisha mdogo wake hesabu.

La nne: bei. Aliweka hesabu ya kredi, ya kuchajisha simu, ya usafiri, ya siku za kusahihisha makosa, na ya kile familia inakula kwa siku. Akafika dola 25 kwa siku, kredi pembeni. Mara ya kwanza aliisema namba hiyo kwa sauti akicheka kwa aibu. Mzee alimrudisha aiseme mara tano, mpaka aibu ikaisha.

Ndiyo maana asubuhi hii yupo kwenye kabini, na daftari liko juu ya magoti.

Saa tatu kamili simu inaita. Kuna sauti mbili: mama mmoja wa kampuni, na bwana mmoja wa kampuni ya pili iliyowatuma, ambayo haitajwi katika mazungumzo. Kabla hajasalimia vizuri, mwalimu anasema: “Mtandao ukikatika, nitawapigia mimi kwa laini yangu nyingine. Namba nimewatumia sasa hivi.” Na kweli, baada ya dakika nane mtandao unakatika. Anapiga mwenyewe, wanaendelea.

“Tueleze kidogo kukuhusu,” anasema mama wa Nairobi.

Safari hii maneno ni machache. Ni mwalimu kwa miaka kumi na moja. Anasema Kihunde, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili cha Goma. Amewahi kuandika lista ya familia za bloku nzima kambini na kuondoa majina yaliyorudiwa, na akieleza namna alivyofanya hachukui dakika mbili. Hafichi kwamba ni mkimbizi wa vita. Anakutaja mara moja, mahali panapohusu kazi: “Watu mnaotaka niwapigie, wengi wamehama kama mimi. Najua saa gani wana nafasi ya kuongea.”

Kisha anauliza yeye. “Nimesoma karatasi yenu. Majibu haya yatawasaidia kuamua jambo gani?”

Kunakuwa kimya kidogo. Yule bwana anaeleza: wanataka kujua wafanyabiashara wadogo wa Goma wanafanyaje kutuma na kupokea pesa kwa simu, ili waamue kama wapunguze makato kwa kiasi kidogo cha pesa. Maelezo hayo hayakuwa kwenye karatasi. Sasa mwalimu anajua wanatafuta nini.

Anarudi kwenye maswali yao. Swali la nne linauliza mtu alitumia benki gani mwezi uliopita. Anawaeleza kwamba benki za Goma zilifunga mwanzoni mwa 2025, wengine huvuka hadi Gisenyi kutafuta huduma, na muuza sambaza akiulizwa swali hilo atadhani anatafutiwa kosa. Swali la saba linasema “huduma za kifedha kwa njia ya simu ya mkononi”. Anawaambia: “Hapa uliza tu, ulituma ao ulipokea franga na telefone? Na yule mnayemwita wakala, watu wanasema mtu wa kabini.” Kwenye simu anasikia mtu anaandika.

Yule bwana anauliza kama anaweza kufika pia Masisi na Walikale kwa kazi hiyo. Mwalimu anavuta pumzi. Kule Himbi angesema ndiyo.

“Hapana. Siwezi kuwaahidi barabara ambayo mimi mwenyewe siwezi kurudi nayo nyumbani. Kwa simu naweza kuwapata watu wa Sake na Kirotshe. Zaidi ya hapo tafuteni mtu mwingine.”

Wanataka watu themanini kwa siku sita. Anawaambia kwamba asubuhi wafanyabiashara hawana muda, wanapatikana kuanzia saa nane mchana. “Mkitaka themanini kwa siku sita, ishirini za mwisho zitajazwa chini ya mparachichi.” Mama wa Nairobi anacheka, maana kazi kama hiyo amekwisha kuiona.

Halafu linafika jambo gumu. Fomu yao ina nafasi ya jina kamili, mahali pa biashara na kiasi cha pesa kinachopita kwa wiki. Mwalimu anauliza: “Lista hii itakaa wapi, na nani ataisoma?” Wanamjibu kwamba ni utaratibu wa kampuni. Anaeleza polepole kwamba katika mji huu, ambapo watu wanaibiwa usiku majumbani, karatasi yenye jina, mahali na kiasi cha pesa inaweza kumfikisha mwizi mlangoni. Anapendekeza namba badala ya majina, na mtaa badala ya mahali kamili. “Mkihitaji majina, nitawashukuru kwa muda wenu, lakini mimi si mtu wa kazi hiyo.”

Hawakujibu pale pale. Walisema watazungumza na mteja. Bei waliuliza mwishoni, naye akaitaja bila kucheka: dola 25 kwa siku, kredi pembeni, theluthi moja kabla ya kuanza. Walipoomba namba ya akaunti ya benki, akauliza kama wanaweza kulipa kwa simu na nani atabeba makato ya kutoa pesa. Mazungumzo yalichukua dakika thelathini na tano.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa ndefu katika nyumba ile. Unga uliisha siku ya kwanza. Wifi yake alimwambia kile ambacho wengi wangesema: “Ungenyamaza tu juu ya majina. Wewe ndiwe uliyewapangia fomu?” Mwalimu hakuwa na jibu zuri. Alisema tu kwamba kati ya watu atakaowapigia wamo waliokaa naye hema kwa hema Bulengo, na hawezi kuwauza. Usiku hakulala vizuri, na alikiri baadaye kwamba mara mbili aliandika ujumbe wa kukubali fomu yao kama ilivyo, akaufuta.

Siku ya tatu ujumbe ulifika. Namba badala ya majina, sawa. Watu sitini, siku tisa. Sehemu ya Masisi na Walikale imefutwa. Dola 25 kwa siku, kredi pembeni, makato juu ya kampuni. Dola 75 zitatangulia. Mama wa Nairobi aliongeza mstari mmoja: watu wawili kati ya waliochaguliwa kuhojiwa siku ile walipiga simu saa moja nzima baada ya muda wao.

Dola 75 ziliingia jioni. Zilinunua unga, maharagwe na mafuta, na sehemu ya pango la nyumba. Hazikutosha kurudisha mabati ya Sake, na kazi yenyewe iliisha baada ya siku tisa kama ilivyoandikwa. Lakini kampuni ile ilimrudia mara nyingine, kwa kutafsiri fomu mpya.

Wanaotafuta kazi kama hizi wanahitaji kujua mambo mengine machache kuhusu karatasi. Mtoa huduma wa siku chache na mfanyakazi wa siku si mtu mmoja mbele ya sheria. Mtoa huduma anauza kazi kwa bei waliyokubaliana, na kampuni kubwa inaweza kumdai namba ya kodi, na ikiwa ana biashara yake, namba ya RCCM na kitambulisho cha taifa cha biashara. Ni vizuri kuuliza mapema kama bei waliyotaja ni kabla au baada ya kodi kukatwa. Mfanyakazi anayeajiriwa siku kwa siku analindwa na sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kifungu chake cha 40 kinasema kwamba akishamaliza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, mkataba mpya unaofanywa kabla ya miezi hiyo kuisha unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho. Ndiyo maana baadhi ya waajiri huhesabu siku kwa makini. Mfanyakazi naye anaweza kuhesabu, kwenye daftari, tarehe kwa tarehe.

Na kuna maombi ambayo hayawezi kuitwa mahojiano. Anayedai pesa ya “faili”, ya “mafunzo” au ya “soda ya mkubwa” ili jina liwekwe kwenye lista hatoi kazi. Umoja wa Mataifa wenyewe unasema hautozi malipo katika hatua yoyote ya kuajiri. Anayemwita mwanamke hotelini jioni ili “wamalizie maongezi” naye hatoi kazi. Nchi hii ina kidonda cha jambo hilo. Tarehe 28 Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, OMS, ilitoa ripoti juu ya unyanyasaji wa kingono wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020. Ilitaja washukiwa 83, 21 kati yao wakiwa watu waliofanya kazi chini ya OMS. Wanawake wengi walisema waliahidiwa kazi. Ukubwa wa jina lililoandikwa kwenye gari si dhamana. Mahojiano ya kweli yana mahali pa wazi, saa ya kazi, karatasi inayoonekana, na mtu anayeweza kuulizwa swali akajibu.

Siku hizi, Jumamosi jioni, kuna vigoda vitatu au vinne mbele ya nyumba ile ya Ndosho. Vijana wanakuja kufanya mazoezi: mpiga picha mmoja, fundi wa kompyuta, binti aliyemaliza masomo ya lugha, baba mmoja aliyekuwa dereva wa shirika. Mzee wa jirani anajifanya mkubwa wa kampuni, miwani chini ya pua, na anauliza maswali magumu kwa Kifaransa. Mwalimu anasikiliza na kuandika makosa, kama alivyokuwa akisahihisha kazi za darasa la sita.

Jumamosi iliyopita yule fundi wa kompyuta alifika akiwa na furaha. Alikuwa ametoka kwenye mahojiano na kampuni moja kubwa, akasema yalienda vizuri sana, aliongea Kifaransa safi na wote walitabasamu.

Mwalimu akamsogezea kigoda. “Keti, mdogo wangu,” akamwambia. “Balikuambia banatafuta nini?”